Maswali na Majibu: Kusomea Tiba ya Usemi na Lugha

Katika toleo lililopita nilisimulia habari ya mtoto wa miaka minne aliyeletwa kwangu na nyanya yake akielezwa kuwa ana ulimi mzito, kumbe ulimi wake haukuwa na neno. Masikio ndiyo yaliyokuwa na maji nyuma ya ngoma. Nilitarajia kuandikiwa na wazazi. Walioandika kwa wingi, hata hivyo, ni vijana na walimu wanaotaka kujua jinsi kazi hii inavyosomewa. Nimechagua barua nne, nikazifupisha, na majina nimeyaacha kwa ombi la wenyewe.

SWALI

Kwako Daktari. Natumai u mzima. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, mkazi wa Kayole, na nilifanya mtihani wa KCSE mwaka jana nikapata alama ya B. Guka wangu, yaani babu, alipatwa na kiharusi, na tangu siku hiyo neno analolitamka ni moja tu, "haya", awe anakubali, anakataa au anaomba maji. Hospitalini tuliambiwa kuna mtaalamu wa usemi ambaye huja siku moja kwa wiki. Tulipompata alikaa na guka nusu saa, akamfanya aimbe, na guka akatoa ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, maneno yote yakiwa mahali pake. Niliduwaa. Tangu hapo nataka kuwa kama mtaalamu yule. Je, kozi hii inasomewa wapi, inachukua miaka mingapi, na ni mambo gani yanayofundishwa? Marafiki zangu wanasema ni kazi ya kuwafundisha watoto kutamka vizuri, na kwamba haihitaji chuo kikuu.

JIBU

Mwanangu, pole kwa yaliyompata guka, na umpe salamu zangu, maana huenda anaelewa mengi kuliko mnavyodhani. Nikusahihishe jambo dogo pia: mimi si daktari. Wagonjwa wengi huniita hivyo, nikiwasahihisha wanahamia kwa "sista", na siku hizi huitika tu ili kazi iendelee. Jina la kazi yangu ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, na hilo neno la mwisho, lugha, ndilo marafiki zako walilolisahau.

Usemi ni kazi ya misuli: pumzi inatoka mapafuni, nyuzi za sauti zilizo ndani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, zinatetemeka, kisha ulimi, midomo na kaakaa vinaichonga ile sauti hadi iwe b au s au ng'. Lugha ni jambo jingine, nalo makao yake ni ubongoni: kulijua neno, kulipata unapolihitaji, kulipanga pamoja na mengine, na kuyaelewa ya mwenzako. Ulimi unaoweza kuimba ubeti mzima haujapooza. Kwa jinsi unavyoeleza, kilichoharibika ni njia ya kulifikia neno, na hali hiyo huitwa afasia. Mwaka wa 1861, mjini Paris, daktari wa upasuaji Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyekuwa ameishi hospitalini miaka mingi, ambaye jibu lake kwa kila swali lilikuwa "tan, tan". Mgonjwa huyo alifariki siku chache baadaye, na Broca alipouchunguza ubongo wake alikuta kidonda upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka wa 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, alieleza wagonjwa wa namna nyingine kabisa, wanaotiririka maneno bila kukwama lakini maneno hayo hayashikani, na ambao hawayafahamu vyema wanayoambiwa. Kidonda chao kilikuwa upande uleule wa kushoto, ila nyuma zaidi. "Haya" ya guka na "tan" ya Mfaransa yule ni ndugu. Na kuhusu kuimba, maneno yaliyokaririwa tangu utotoni, kama nyimbo, sala, siku za wiki na kuhesabu moja hadi kumi, mara nyingi hubaki hata pale mazungumzo ya kawaida yanapopotea, kwa hiyo mtaalamu mliyemwona alikuwa akipapasa ukutani kutafuta mlango uliosalia wazi.

Kuna sehemu ya kazi hii ambayo hakuna anayeniandikia kuiulizia, ingawa kwa siku nyingine hula nusu ya muda wangu, nayo ni kumeza. Njia ya chakula na njia ya hewa hupitia koromeo moja kabla ya kuachana, na kila tunapomeza, zoloto hupanda na kifuniko chake hujifunga ili tusipaliwe. Mtu aliyepatwa na kiharusi, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anaweza kushindwa kuipanga hatua hiyo kwa wakati wake. Anayekohoa anapopaliwa ana bahati, kwa sababu wapo ambao chai huingia mapafuni kimya kimya bila hata kikohozi, kisha baada ya siku kadhaa wanaugua nimonia na nyumbani watu wanasema ni baridi. Juzi alikuja mama mmoja na mtoto wa miaka mitatu, ambaye mama huyo alizoea kumlisha uji wa wimbi akiwa amemlaza mapajani, kichwa kimeangalia dari. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kichwa kikielekea nyuma namna ile, njia ya hewa huwa wazi zaidi na mtoto hana namna ya kuukataa uji. Tulimketisha wima, tukamwegemeza kwa shuka iliyokunjwa, kidevu kikaelekea chini kidogo, uji tukauacha uwe mzito, na kijiko tukakijaza nusu tu. Halafu tukangoja. Kungoja ndiko kuliko kugumu kwa wanafunzi: wanataka kutia kijiko cha pili kabla hawajaona koo likipanda na kushuka kwa ajili ya kile cha kwanza.

Sasa utaona kwa nini chuo kikuu kinahitajika. Utasoma anatomia ya kichwa, shingo na kifua, na mfumo wa neva kwa kina, fonetiki na fonolojia (elimu ya sauti za lugha na mpangilio wake), pamoja na alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa, ambayo utaitumia kuandika kila sauti jinsi ilivyotoka kinywani na si jinsi ilivyopaswa kutoka, sarufi na ukuaji wa lugha kwa watoto, saikolojia, upimaji wa usikivu, takwimu na utafiti. Juu ya misingi hiyo ndipo huja magonjwa na hali zenyewe, zikiwemo kigugumizi, usonji, kaakaa lililopasuka, matatizo ya sauti (walimu wa shule za msingi ni wateja wetu wa kudumu), kumeza, na namna za mawasiliano kwa asiyeweza kusema, kuanzia ubao wa picha uliochorwa kwa mkono hadi kompyuta inayozungumza. Wanafunzi wengi huogopa anatomia. Mimi ningekuonya zaidi kuhusu fonetiki, kwa sababu anatomia unaweza kuikariri usiku wa kuamkia mtihani, lakini sikio halifunzwi kwa usiku mmoja.

Kuhusu mahali pa kusomea, vyuo vya hapa nchini vinavyotoa shahada ya fani hii ni vichache mno, na orodha ya kozi hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo fungua mwenyewe tovuti ya KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, tafuta kozi kwa jina lake kamili, na uangalie masomo inayodai, ukitazama biolojia kwanza. Ukipata jina linalofanana, usiridhike. Shahada ya elimu maalumu inaweza kuwa na somo moja au mawili ya matatizo ya mawasiliano, nayo ni shahada nzuri, lakini itakufanya mwalimu. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya kwanza ya fani hii mwaka wa 2008, na Chuo Kikuu cha Muhimbili cha Dar es Salaam kina shahada inayounganisha usikivu na usemi. Ulizia kama wanapokea wanafunzi katika mwaka unaoomba. Afrika Kusini ndiyo yenye historia ndefu zaidi upande huu wa bara. Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilianza tangu miaka ya 1930, na leo fani hii hufundishwa pia Cape Town, Pretoria, Stellenbosch na KwaZulu-Natal, kwa shahada ya miaka minne. Uingereza shahada ya kwanza ya miaka mitatu au minne inatosha kukusajili. Marekani haitoshi: huko lazima upate shahada ya uzamili na saa 400 za kliniki zinazosimamiwa, 25 zikiwa za kutazama na 375 za kumhudumia mtu kwa mikono yako.

Nimekutajia saa hizo kwa makusudi. Kabla hujalipa karo popote, nenda kwenye idara, kaa na anayehusika, na umwulize maswali matatu: mazoezi ya kliniki yanafanyika katika hospitali na shule gani, msimamizi wa mazoezi hayo ni mtaalamu wa fani hii au ni mtu wa fani nyingine aliyeazimwa, na mwanafunzi wa mwaka jana alihitimu akiwa na saa ngapi za kukaa na wagonjwa. Akikujibu kwa tarakimu, jiandikishe. Akianza kukueleza uzuri wa majengo, shika matatu yako urudi Kayole ukafikirie upya. Na kama chuo kiko nje ya nchi, ulizia mapema kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama kinatambuliwa, kwa kuwa nimewaona waliorudi na vyeti vizuri kisha wakakaa miezi wakipeleka nakala ofisi hii na ile.

SWALI

Salamu, Mwalimu. Niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, nikisomea Kiswahili na isimu. Natamani kuingia katika tiba ya usemi baada ya kuhitimu, lakini mwenzangu anayesomea udaktari ameniambia kwamba nimeshachelewa, kwani sina biolojia ya chuo kikuu, na kwamba nahau na ngeli hazimponyi mtu. Je, nianze upya?

JIBU

Usianze upya, na mwambie mwenzako kwamba ngeli ndizo zinazonipa kazi kila siku.

Nijibu kwanza lile la masomo kwa ufupi. Ziko njia za uzamili zinazowapokea watu wenye shahada nyingine. Uingereza ina uzamili wa miaka miwili unaomwandaa mtu kusajiliwa. Chuo Kikuu cha Ghana nacho hufundisha fani hii katika ngazi ya uzamili. Katika mfumo wa Marekani utatakiwa uwe umesoma biolojia, kemia au fizikia, takwimu, na somo la sayansi ya jamii katika ngazi ya chuo kikuu, na mengi ya hayo unaweza kuyaongeza bila kurudi mwaka wa kwanza. Biolojia inajazika. Ulicho nacho wewe kinakosekana kwa wengi waliojaa biolojia, na hapo ndipo nataka kukaa.

Mwaka juzi niliona ripoti ya mtoto wa miaka mitano aliyepimwa katika kituo kimoja cha jiji hili, ambacho sitakitaja. Ripoti ilisema kwamba lugha yake iko nyuma kwa kiasi kikubwa. Nilipouliza alipimwa kwa kifaa gani, nikaonyeshwa kitabu cha picha kilichotungwa ng'ambo kwa watoto wa Kiingereza. Katika ukurasa mmoja kulikuwa na mtu wa theluji mwenye pua ya karoti. Mtoto aliulizwa ni nini, akasema, "Ni mtu wa unga." Akawekewa alama ya kosa. Mimi ningempa alama mbili, kwa kuwa alikuwa ameangalia kitu ambacho hajawahi kukiona akakipa jina kwa maneno aliyo nayo. Katika ukurasa mwingine alionyeshwa kikombe kimoja, kisha viwili, na mpimaji, ambaye alikuwa ameyatafsiri maswali papo hapo, alikuwa akisikiliza mwisho wa neno, kwa maana katika Kiingereza wingi hukaa mwishoni. Mtoto alisema "vikombe" kwa ufasaha kabisa. Kipimo hakikuwa na mahali pa kuandika hivyo.

Hili ndilo tatizo kubwa la fani yetu katika nchi hii, na kutafsiri maneno hakulitatui. Neno la Kiswahili hubeba mzigo wake mbele: m- na wa-, ki- na vi-, ni-, u-, a-, kisha -na-, -li-, -ta-, ndipo mzizi. Kipimo kilichotungwa kwa ajili ya lugha inayobeba mzigo nyuma hakiwezi kuona mtoto wetu ameanguka wapi. Mwanaisimu Kamil Ud Deen, katika utafiti aliouchapisha mwaka wa 2005, aliwachunguza watoto wadogo wanaojifunza Kiswahili cha hapahapa Nairobi, akaeleza jinsi wanavyoviacha viambishi vya nafsi na vya njeo (wakati) kabla ya kuvimudu. Ila tazama mtego uliopo: hata watu wazima wa Nairobi huviacha. Mama mtaani husema "takupigia" na hakuna anayemwona mgonjwa. Kwa hiyo mtoto akisema "takuja kesho", mtaalamu anayejua Kiswahili cha vitabuni pekee ataandika kasoro, na anayekijua Kiswahili cha mtaa ataendelea na swali linalofuata.

Sauti nazo zina mitego yake. Mtoto anayesema "tijito" akikusudia kijiko anazisogeza mbele zile sauti zinazotamkwa nyuma ya kinywa, na akiwa na miaka miwili hilo halinishtui. Akiwa na miaka sita nitamwita mara mbili kwa wiki. Mtu mzima wa lugha ya Kijaluo akisema "samba" akimaanisha shamba, au wa Kikuyu akibadilishana r na l, hana kasoro yoyote ya usemi, kwa kuwa lugha yake ya kwanza haina "sh" au haitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyofanya. Lafudhi haitibiwi. Nimewahi kuletewa kijana wa chuo kikuu na mjomba wake, aliyetaka nimwondolee lafudhi ya nyumbani ili apate kazi ya redio. Niliwashukuru kwa kuja, nikawaagiza kwa mwalimu wa matamshi, na ada ya siku hiyo sikuichukua. Halafu kuna Sheng. Mtoto wa Eastlands anayeita gari "ndai" hajakosa neno la gari. Anayo mawili, na pengine la Kikamba ni la tatu, na kazi yetu ni kuyahesabu yote kabla ya kusema kwamba msamiati wake ni mdogo.

Kwa hiyo, kwa mwaka uliobaki nao, andika tasnifu yako juu ya jambo ambalo mimi nitalitumia. Chukua watoto ishirini wa shule moja ya chekechea, kwa idhini ya wazazi, uwarekodi wakicheza, uandike walichokitamka sauti kwa sauti, na utueleze ni sauti zipi zinazokuwa zimekaa sawa kufikia miaka mitatu, minne na mitano, na lini "vitabu vyangu" inachukua nafasi ya "kitabu yangu", ikiwa inaichukua kamwe. Wewe una vifaa vyote vya kufanya hivyo leo. Mwenzako wa udaktari hana.

SWALI

Mpendwa Mhariri. Mwanangu wa kiume ana kigugumizi tangu akiwa na miaka minne, na sasa yuko Gredi ya 9. Amesema anataka kuwa mtaalamu wa usemi. Baba yake anaona kwamba ni sawa na kipofu kutaka kuwa dereva. Sijui nimtie moyo au nimwelekeze kwingine, na pia tunatakiwa kuchagua mkondo wa Gredi ya 10.

JIBU

Mama, mwambie baba yake kwa heshima kwamba wawili kati ya watu walioijenga elimu ya kigugumizi nchini Marekani katika karne iliyopita, Wendell Johnson na Charles Van Riper, walikuwa na kigugumizi wenyewe, na wote wawili waliingia katika fani hii kwa sababu hiyo. Hakuna kanuni ya taaluma ninayoijua inayotaka msemaji asikwame. Inayotakiwa ni kwamba aeleweke, na kwamba aweze kumfundisha mgonjwa mbinu kwa kuionyesha.

Takribani mtoto 1 kati ya 20 hupitia kipindi cha kigugumizi, na wengi hutoka humo wenyewe. Kwa watu wazima hubaki kama 1 kati ya 100, wengi wao wakiwa wanaume. Kama mwanao amefika Gredi ya 9 nacho, kuna uwezekano mkubwa kwamba ataishi nacho, na tiba itakayomfaa ni ile inayompunguzia mkazo na woga, siyo inayomwahidi kukiondoa. Nyumbani acheni kumwambia "tulia, vuta pumzi kwanza". Najua mnasema kwa upendo. Anachosikia yeye ni kwamba amekosea tena. Mwangalieni usoni, mngoje amalize, na msimmalizie neno hata kama mnalijua.

Kuhusu mkondo, achukue sayansi, yaani ule wa STEM, na biolojia iwemo, kisha ahakikishe Kiswahili na Kiingereza havilegei. Jambo moja zaidi: akifika chuoni kutakuwa na mitihani ya mdomo, na awaeleze walimu wake mapema kwamba atahitaji muda zaidi, kuliko kungoja akwame mbele ya watahini watano walionyamaza.

SWALI

Hujambo, Mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu huko Kariobangi. Nimeona tangazo la kozi ya wiki sita ya tiba ya usemi, ya kusomea kwa simu, ambayo hutoa cheti chenye muhuri. Katika darasa langu nina watoto watatu wasiosema vizuri na wazazi wao wako tayari kunilipa jioni. Je, cheti hicho kitanitosha kufungua kliniki ndogo?

JIBU

Hakitoshi, Mwalimu, na sitalizungusha hili. Soma kozi hiyo ukipenda, kama mtu anavyosoma kitabu ili ajue mambo, lakini usitundike cheti hicho ukutani na kuketisha mtoto wa mtu chini yake. Nimeeleza hapo juu kuhusu uji unaoingia mapafuni. Nimewaona pia watoto waliofanyishwa mazoezi ya kupuliza mirija na kunyanyua ulimi mbele ya kioo kwa mwaka mzima, wazazi wakilipa kila Jumamosi, ilhali tatizo lilikuwa kaakaa lenye mpasuko uliofichwa na ngozi nyembamba, ambao hauonekani mpaka mtu aliyefunzwa aangaze tochi na kujua anachokitafuta. Watoto hao walihitaji daktari wa upasuaji, na walikuwa wamepoteza mwaka.

Kama unataka kuendelea na masomo bila kuacha ualimu, Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani tangu miaka ya 1980, huwafundisha walimu kazi ya watoto wenye mahitaji maalumu. Utatoka humo ukiwa mwalimu bora wa watoto hao, na sisi wa kliniki tunawategemea walimu wa namna hiyo kuliko tunavyokiri, kwa sababu mimi humwona mtoto kwa dakika arobaini na wewe unaye kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kuhusu wale watatu, kuna kitu unachoweza kukifanya wiki hii bila cheti. Chukua daftari, na kwa siku tano uandike kila mmoja alisema nini hasa, kwa maneno yake mwenyewe jinsi yalivyotoka: si "hasemi vizuri", bali "alisema tamati, akimaanisha samaki". Andika kama anaelewa unapotoa agizo lenye hatua mbili, kama anacheza na wenzake, kama anapaliwa anapokula chakula cha mchana, na lugha gani inazungumzwa nyumbani kwao. Kisha ita jina lake kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake, asipokuona midomo, uandike kama aligeuka. Mpe mzazi karatasi hiyo aende nayo katika kituo cha tathmini cha elimu, EARC, cha eneo lenu, na umwombe mtoto apimwe masikio kabla ya kitu kingine chochote.